Dishi la Kambini Malindi: Usihangaike Kulizungusha, Angalia Mlingoti

Msomaji aliyeegesha gari lake la kulala Watamu ameandika akilalamika kwamba pwani hii haina mawimbi ya televisheni. Mawimbi yapo tele, ndugu yangu. Kasoro iko kwenye mlingoti au kwenye kichwa cha waya, na vyote viwili unavimaliza kabla chai haijapoa.

Malindi iko digrii 3 na kitu kusini mwa ikweta. Setilaiti ya DStv iko juu ya ikweta kwenye digrii 36 mashariki, sisi tuko 40. Kwa hiyo iko karibu na utosi: mwinuko, yaani pembe kutoka upeo wa macho, ni kama digrii 84, ikielekea kaskazini-magharibi. (Ukaribu huohuo na ikweta ndio uliowaleta Waitaliano Ngomeni, wakaanza kurusha setilaiti zao kutoka baharini mwaka 1967.) Watu wengi wanashika dishi na kulizungusha kushoto na kulia. Kwa mwinuko huo, ukilizungusha digrii 10 unasogea angani kama digrii 1 tu. Kinachoamua ni kuinua na kushusha, na mlingoti kusimama wima. Ukiinama digrii 2 umeshaipoteza setilaiti, na mchangani mlingoti huinama wenyewe.

Basi anza na mlingoti. Weka ubao mnene chini ya miguu yake, ning'iniza ndoo ya mchanga katikati, kisha upime kwa pima maji pande mbili. Soma mwinuko kwenye namba za bano linaloshika dishi, usikadirie kwa uso wa dishi. Dishi hizi za kawaida LNB yake (kile kifaa cha mbele kinachopokea mawimbi) hukaa chini ya kitovu, kwa hiyo uso huonekana umesimama zaidi ya digrii 20 kuliko linakotazama. Hakikisha pia bano linafika 84 kabla ya kununua. Dira isome mita kadhaa mbali na gari, bati la gari huipotosha. Sogeza kidogokidogo, halafu subiri: king'amuzi huchelewa sekunde kadhaa kuonyesha. Tazama kipimo cha ubora wa mawimbi, si cha nguvu. Nguvu hupanda hata dishi likitazama mawingu matupu.

Uzuri wa setilaiti kuwa utosini ni kwamba unaweza kujibanza katikati ya minazi, mradi juu kuwe wazi. Azam TV ni habari nyingine. Setilaiti yake iko digrii 7 mashariki, mwinuko kama 51, karibu magharibi kamili, yaani bahari uipe mgongo. Mvinje unaozidi dishi kwa mita 10 uwe mbali angalau mita 8 upande huo.

Sasa kichwa cha waya. Tumia waya wa antena aina ya RG6. Ukimenya, chunguza nyuzi za wavu unaozunguka waya wa kati: unywele mmoja ukigusa waya wa kati, umeme wa LNB unakatika na kioo kinaandika hakuna mawimbi, hata dishi likiwa sawa kabisa. Waya wa kati utokeze milimita 2 hivi nje ya kichwa. Kabla ya kufunga, zima king'amuzi. Ukimaliza paka grisi ya silikoni na uzungushie tepu ya mpira, kwa sababu chumvi ya hapa hugeuza shaba kuwa kijani upesi. Wakati wa kusi kaza kamba tatu. Mvua kubwa ya masika ikikata picha, usiguse kitu, ingoje ipite.

Kwa chaneli za bure antena ya UHF, ya mawimbi ya minara ya ardhini, inatosha, lakini analojia ilizimwa 2015, hivyo unahitaji televisheni au king'amuzi cha DVB-T2, mfumo wa dijitali wa antena. Uelekeo utauona kwenye mapaa ya majirani, pamoja na namna vijiti vilivyolala. Antena yenye kikuza mawimbi huomba volti 5, ziwashe kwenye menyu. Inveta (kigeuza umeme wa betri) ya bei rahisi huchafua UHF, kwa hiyo televisheni ya volti 12 ni bora, ila ipitishie kidhibiti volti: injini ikichaji, volti hupita 14.

Anayekwenda Lamu ataliacha gari Mokowe, kwa hiyo abebe antena na betri kwenye boti. Televisheni ya inchi 24 na king'amuzi hula kama wati 42. Betri ya risasi ya volti 12, 100Ah, ukitumia nusu yake tu, inakupa saa 14.