Futa hilo jedwali kabla halijakula pesa zako kama lilivyokula laki tatu zangu

Futa. Nimesoma swali lako: mko vijana sita hapo Mbarara, mnataka kuitazama Star Trek yote, ile hadithi ndefu ya televisheni na filamu ya safari za anga za juu, mmepata jedwali linaloipanga kwa miaka ya hadithi kuanzia 2151, na unauliza kama mpangilio huo utamaliza ubishi wa kipindi gani kinapingana na kipi. Tena unauliza zile filamu zilizoanza 2009 ziingie wapi. Futa kwanza, hilo la filamu baadaye. Jedwali hilo nalijua kuliko ninavyoijua kadi yangu ya simu.

Mimi niko Arua. Nilikuwa na televisheni kubwa, jenereta ndogo, na majirani wanane wasio na pa kwenda Jumamosi jioni. Kila mtu alichanga elfu tatu za mafuta. Mkuu mmoja mtandaoni, jina lake nalimezea, alikuwa ameweka jedwali lenye rangi kama kitenge cha harusi, na chini kaandika kwamba ukifuata mpangilio wake hakuna kitu hata kimoja kitakachopingana na kingine. Nikaamini. Mtu akinionyesha mishale na rangi huwa naamini, ndivyo nilivyouziwa hata pikipiki yangu ya kwanza.

Basi tukaanza na Enterprise ya kapteni Archer, vipindi 98. Halafu Discovery misimu miwili ya mwanzo, vipindi 29. Halafu Strange New Worlds, misimu miwili iliyokuwepo wakati huo, vipindi 20. Piga hesabu: vipindi 147 kabla ya kumfikia kapteni Kirk, ambaye ndiye aliyeanza yote mwaka 1966! Vitatu kila Jumamosi, karibu mwaka mzima. Tulipomfikia, baada ya picha zote zile za 2023 zinazong'aa, watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Sasa sikia nilivyojichimbia shimo. Katika watu wale kulikuwa na fundi pikipiki, Mnubi, mtu asiyesahau kitu. Nilipowaonyesha picha ya Waklingoni wa Kirk, wale mashujaa wa vita wa sayari nyingine, wana mapaji laini kama yangu na yako, fundi akapiga kelele: "Hawa ni feki! Wale wa Archer walikuwa na mabonde kichwani." Nikamkata kwa dharau: umesahau vile vipindi viwili vya Archer vya 2005, virusi vilivyowabadilisha sura? Kimya. "Na wale wa Discovery wenye vipara?" Nikamwambia virusi havikuwapata wote. Kimya tena. Nikajiona profesa wa Makerere. Na kwa kiburi hicho hicho nikatamka mbele ya mashahidi saba: atakayenionyesha vipindi viwili vinavyopingana, nampa laki tatu taslimu.

Wiki chache tu. Tukafika kile kipindi cha Februari 1967 ambacho Kirk anaikuta meli ya zamani na ndani yake amelala mtawala wa zamani aitwaye Khan. Spock, msaidizi wa Kirk, anaeleza kwamba huyu jamaa alitawala zaidi ya robo ya dunia, kuanzia 1992 hadi 1996.

Fundi akasema, "Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Hata jenereta niliona kama limeshusha sauti.

"Huyu Khan si yule mtoto tuliyemwona Toronto? Yule binti wa ukoo wake alirudi nyuma kwenye karne hii yetu, akamkuta bado ni kitoto. Sasa 1992 alitawala akiwa wapi, tumboni? Halafu 1996 baba yangu alisimama kwenye foleni ya kumpigia kura rais. Hakumwona Khan kwenye karatasi."

Watu walianguka chini kwa kicheko. Mimi nilicheka pia, ile ya kuonyesha meno tu. Na nakwambia, VJ yeyote, wale wanaotafsiri filamu kwa mdomo kwenye vibanda vya Kampala, angezima moto ule kwa sentensi moja: "Yule wa Toronto ni mdogo wake, wamepewa jina moja." Lakini mimi si VJ, nilikuwa na jedwali.

Usiku ule sikulala. Nikarudia kile kipindi cha Toronto, cha Strange New Worlds ya 2023, na maelezo yamo humo humo! Yule jasusi wa Kiromulani, watu wa sayari nyingine walio maadui, analalamika kwamba mambo ya Khan yalipaswa kutokea 1992, ila watu wa kuvuruga wakati wameyasogeza mbele, naye amekwama akisubiri miaka 30. Sote tisa tuliisikia sentensi ile kwa masikio yetu, ikapita. Ingetushtua kwa lipi? Hakuna aliyekuwa amewahi kuambiwa habari za 1992. Iliandikwa kwa ajili ya mtu aliyekaa na lile swali tangu 1967, sisi tukapewa jibu kabla ya swali, kama mtu anayecheka fumbo kabla halijategwa.

Nikampelekea fundi. Akasikiliza vizuri tu, akafuta mikono kwa kitambaa cha oili, akasema: "Wewe uliweka dau kwamba hakuna kupingana. Hapa wenyewe wamekiri kwamba wamebadilisha. Lete pesa." Nimelipa kwa awamu tatu. Yule mkuu wa jedwali nilimwandikia. Akanijibu kwamba shabiki wa kweli angeelewa, halafu akanifungia. Shabiki wa kweli! Mafuta ya mwaka mzima, laki tatu, na sasa nikipita gereji wananiita Khan.

Kwa hiyo sheria ni moja tu, na nimeinunua: tazameni kwa mwaka wa kutengenezwa. 1966, 1987, 1993, 1995, 2001, 2017, endeleeni hivyo. Msihangaike na mwaka wa hadithi. Hawa waandishi wanaokota makosa ya waliowatangulia na kuyacheza, na mchezo huo unauona ukiwa umeliona kosa likiwa bado bichi. Wale Waklingoni: 1967 ni laini, 1979 kwenye filamu wana mabonde, wala hakuna anayesema kitu. Mwaka 1996 mfululizo wa Deep Space Nine unamrudisha Worf, ofisa Mklingoni, na wenzake hadi siku za Kirk, wenzake wanaona zile sura laini, wanamgeukia, naye anawajibu kwamba jambo hilo hawalizungumzi na watu wa nje. Basi! Watu walikaa na utani huo miaka tisa mpaka virusi vya 2005. Mimi niliwapa majirani zangu virusi kwanza, kwa hiyo Worf angefika angekuta kila mtu anajua. Na dada wa kulelewa wa Spock, ambaye Spock hakuwahi kumtaja tangu 1966: mwaka 2019, ndani ya Discovery, wanatoa amri kwamba habari zake na za meli yake zisitajwe tena. Kama humjui Spock aliyekaa kimya miaka yote hiyo, amri hiyo ni ya nini kwako?

Na yako makosa ambayo hayana hata maelezo. Khan wa filamu ya 1982 anamtambua Chekov, ofisa wa Kirk, kwa sura na jina, ilhali Chekov aliingia msimu wa pili, Khan alishapita wa kwanza. Ukipata rafiki anayetaka kuweka dau juu ya hilo, mlete Arua, nina deni la kurudisha.

Zile filamu zilizoanza 2009 ni tawi jingine la wakati, zitazame zamu ya kila moja ikifika.

Hilo jedwali umeshalifuta?