Sanduku la Runinga: Familia ya Maura Pfefferman

Mwezi huu sanduku limejaa barua za tamthilia moja, Transparent, ile ya Amazon iliyoanza 2014 ikaisha 2019. Naona kuna mtu amewagawia nywila. Nimechagua saba. Salamu ndefu nimezipunguza, na matusi nimeyaacha ndani ya bahasha zake.

Shikamoo Bibi. Niliambiwa ni ya vichekesho. Nimemaliza sehemu tatu, sijacheka hata mara moja. Mzee anavaa gauni kwa siri, watoto wake kazi yao kugombana na kuomba hela. Niendelee au niache? — S.M., Tanga

Marahaba mwanangu. Waliokuambia hawakukudanganya. Januari 2015 ilipata Golden Globe, tuzo ya Marekani ya filamu na runinga, ya tamthilia bora katika kundi la vichekesho na muziki, na hakuna tamthilia ya kwenye intaneti iliyokuwa imewahi kuchukua Golden Globe ya tamthilia bora kabla yake. Ila kicheko chake ni kile cha matanga, ndugu wako jikoni wanagombania sufuria za marehemu.

Rudia sehemu ya kwanza, pale mezani. Mort Pfefferman, profesa mstaafu wa siasa, amewaita watoto wake watatu nyumbani kwake Pacific Palisades, Los Angeles. Anataka kuwaambia kwamba yeye ni mwanamke na jina lake ni Maura. Watoto wameshaamua wenyewe kwamba baba ana saratani. Wanakula nyama, mchuzi umewajaa mashavuni, na kabla mzee hajafungua kinywa wameshaanza kubishana nani achukue nyumba. Anaghairi. Mimi hapo nilicheka, kisha nikaona haya.

Nadhani kinachokuchosha ni kumsubiri Maura awe mtu mwema. Hatakuwa. Nilikaa miaka mingi meza ya waamuzi kwenye tamasha za maigizo za shule, na ugomvi wangu na walimu ulikuwa huo huo kila mwaka: mhusika anayeonewa na jamii wanamgeuza malaika, halafu hana kazi jukwaani ila kulia. Maura ni mbinafsi. Ana pesa, amezoea kusikilizwa, na anawafungia watoto mlango kwa ule mkono wa kutoa hela. Kuna siku anamuuliza Ali, kitinda mimba, kama angekuwa anamtembelea endapo asingempa kitu. Swali baya kwa mtoto, na jibu lake baya zaidi.

Vumilia hadi sehemu ya nane. Inarudi nyuma hadi 1994. Ali ana miaka 13 na familia imeandaa sherehe yake ya Kiyahudi ya kuingia utu uzima, wageni wamealikwa. Mtoto anakataa, watoto wa umri huo hukataa kila kitu. Baba mwenye akili angembembeleza. Mort anakubali upesi mno, kwa sababu wikendi hiyo hiyo ana kambi msituni, ya wanaume wanaovaa nguo za kike mbali na macho ya watu. Na huko nako hapamtoshi: wenziwe wanajigamba kwamba wao ni wanaume tu waliovaa magauni, na aliyekwenda mbali zaidi ya hapo hawamtaki. Kwa hiyo unayo yote katika dakika chache: mtu anayetafuta pumzi, na mtoto aliyeachwa peke yake nyumbani alipe gharama. Tamthilia haikuambii nani umhurumie. Kama baada ya sehemu hiyo bado hutaki, acha kwa amani, hatutagombana.

Salaam aleikum Bi mkubwa. Msimu wa pili wananipeleka Ujerumani ya zamani bila taarifa. Wanacheza dansi, wamevaa shanga, halafu naona yule msichana ni Ali wa utotoni! Au ni simu yangu iliyoruka? — K., Maskati

Waaleikum salaam. Simu yako ni nzima. Yule ni mwigizaji mmoja, Emily Robinson. Msimu wa kwanza aliigiza Ali wa miaka 13, wa pili anaigiza Rose, ambaye atakuja kuwa mama yake Maura. Wamefanya makusudi. Na yule daktari mwenye masharubu je, hukumtambua? Ni Bradley Whitford, aliyekuwa Marcy, rafiki wa Maura kule kambini. Kwa kazi ile ya Marcy alipata Emmy, tuzo kubwa ya runinga ya Marekani, mwaka 2015. Wanazirudisha sura zile zile ili uone kwamba bibi na mjukuu wanatembea njia moja bila kujuana.

Daktari mwenyewe si wa kubuni. Magnus Hirschfeld alifungua Taasisi ya Elimu ya Jinsia mjini Berlin mwaka 1919. Ilikuwa na kliniki, maktaba, na vyumba walikoishi baadhi ya watu transijenda, yaani wale ambao jinsia wanayojitambua nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, wengine wakifanya kazi humo humo. Hirschfeld alikuwa akiandika vyeti vya daktari, polisi wa Berlin wakivikubali na kutoa kibali ili mwenye nacho asikamatwe kwa sababu ya mavazi. Hiyo ni Ujerumani ya kabla ya Hitler. Tarehe 6 Mei 1933 wanafunzi wa Kinazi waliivamia, na siku nne baadaye vitabu vyake vikachomwa hadharani pamoja na maelfu ya vingine. Hirschfeld alikuwa nje ya nchi, hakurudi tena. Alifia Nice, Ufaransa, mwaka 1935.

Katika tamthilia, Rose ana ndugu aliyezaliwa mvulana na sasa anaitwa Gittel. Anaigizwa na Hari Nef, ambaye mwenyewe ni mwanamke transijenda. Rose na mama yao wanakwenda Marekani, Gittel anabaki Berlin. Rose anazeeka Los Angeles na siri hiyo, na Mort anakua akificha gauni bila kujua kwamba katika ukoo wake alishatokea mwingine. Tazama vizuri ile sehemu ya tamasha la wanawake msituni, ambako wenye tamasha hawamtaki Maura kwa kuwa alizaliwa na mwili wa kiume. Ali anatembea gizani kuufuata moto, na moto anaoufikia ni ule wa Berlin. Kwangu mimi hakuna kilicho kizuri zaidi ya hapo katika misimu yote. Tamasha lenyewe limeigwa kutoka lile la Michigan, lililofungwa mwaka 2015 baada ya miaka mingi ya mzozo huo huo.

Ule muziki wa piano wa mwanzo unaniliza. Ni wa nani? — Fundi, Morogoro

Dustin O'Halloran. Nao ulipata Emmy.

Bibi, stelingi amekwenda wapi? Msimu wa mwisho Maura amekufa hata hatukumwona akiumwa. — Otis, Nairobi

Alifukuzwa. Jeffrey Tambor alichukua Emmy mbili kwa nafasi ya Maura, 2015 na 2016. Novemba 2017 wanawake wawili transijenda walimtuhumu kwa udhalilishaji wa kingono: msaidizi wake wa zamani, na Trace Lysette, yule aliyeigiza Shea, rafiki wa Maura. Yeye alikanusha. Amazon ikachunguza, na Februari 2018 ikamwondoa.

Lakini Otis, hata kabla ya hapo watu waliuliza swali ambalo na mimi nililiuliza: kwa nini mwanamke huyu aigizwe na mwanamume? Tambor mwenyewe aliligusa alipopokea tuzo ya 2016. Aliwasihi watayarishaji wawape waigizaji transijenda nafasi, akasema hatasikitika akiwa mwanamume wa mwisho kuigiza mwanamke wa namna hiyo. Alikuwa hodari, siwezi kukuambia vinginevyo. Namna anavyokaa kitini Maura, magoti yamebana, mkono unatafuta mahali pa kupumzika, ni kazi ya mtu aliyeangalia sana. Ila mtazame Alexandra Billings akiwa Davina, rafiki mwingine wa Maura, au Lysette kwenye safari ya gari na Josh, mwana wa Maura, msimu wa tatu. Hao hawaonekani wakitafuta mkono uwekwe wapi. Mimi nikiurudia msimu huo, nauruka hadi walipo wao.

Nimepanga kuitazama na baba mkwe akija Jumapili. Inafaa? — Mke wa mtu, Mombasa

Mwanangu, usithubutu. Watu wanavua nguo tangu sehemu ya kwanza. Mwekee mpira.

Haya ni mambo ya Wazungu, hadithi za kutunga. Kwa nini gazeti letu linajaza kurasa nayo? — Mzee wa Kanisa, Eldoret

Shikamoo mzee. Ya kutunga, ndiyo, lakini si ya hewani. Joey Soloway, mwenye kuibuni, alipigiwa simu mwaka 2011 na mzazi aliyemjua maisha yote kama baba, akaambiwa kwamba ni mwanamke. Ndipo kalamu ikaanza. Familia ni ya Kiyahudi, ya Los Angeles, yenye pesa, na mambo yao mengi ni ya kwao tu. Sitakuambia kwamba Pfefferman ni jirani yako wa Eldoret.

Kuhusu Wazungu peke yao, hapana. Tamthilia ilitoka Septemba 2014. Oktoba ya mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi ya Audrey Mbugua, Mkenya, na kuliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, chenye jina lake la sasa na kisichoonyesha jinsia. Magazeti yetu yaliandika. Kesi ile ilihusu karatasi ya shule, kitu ambacho mtu hukibeba kila anapoomba kazi. Maura, na nyumba yake ya Palisades, hakuwahi kuhangaikia karatasi ya aina hiyo, na ndiyo maana waliowasema waandishi kwamba wamemchagua mtu mwenye raha wanayo hoja. Waandishi walijaribu kuijibu msimu wa tatu, pale Maura anapojipeleka mtaa wa kusini mwa jiji kumtafuta msichana aliyepiga simu ya msaada, anazimia sokoni, na analilia asipelekwe hospitali ya umma. Profesa wetu mpenda wanyonge! Sehemu hiyo imeandikwa kwa wembe.

Kile kipande cha mwisho cha kuimba, nikinunulie bando? Ni kirefu. — R., Dodoma

Kinakaribia saa moja na dakika 40, na nyimbo ni za Faith Soloway, dada yake Joey. Wakosoaji wengi walikikataa. Mimi nakushauri ukitazame kwa mambo mawili. Kwanza Judith Light, ambaye ndiye Shelly, mtalaka wa Maura: mama huyu amesubiri misimu minne apewe jukwaa, na sasa amelikamata haliachii. Pili, Shelly anaandaa mchezo wa kuigiza kuhusu familia yake na anahitaji mtu wa kuwa Maura. Anayempata anaigizwa na Shakina Nayfack, mwanamke transijenda. Yaani baada ya miaka mitano na mazishi, hatimaye nafasi ile ikapata mwenyewe, tena ndani ya mchezo wa mama mwenye kelele. Watoto wanavyomkodolea macho, wakitaka kumkumbatia na kumfukuza kwa wakati mmoja, ni uigizaji wa kulipia bando.

Wimbo wa mwisho unafanyia mzaha mauaji ya Wayahudi, na watu wanacheza na kuruka. Ukisikia unaanza, nenda kaoshe vyombo.