Meru wa Ng'ambo ya Mpaka

Mmeuliza wiki hii: "Ni siku gani ya safari ugenini unayoikumbuka saa kwa saa?" Swali lenyewe nilikuwa nalisoma ndani ya matatu, Ngong Road, na kabla sijashuka nilikuwa nimeshapata jibu. Ni siku niliyopanda Mlima Meru.

Hapa Nairobi ukitaja Meru, mtu anafikiria miraa. Mama yangu aliposikia naenda Meru, papo hapo akaniagiza ndizi. Ikabidi nimweleze kwamba ni Meru wa Tanzania, mlima unaosimama juu ya mji wa Arusha, wa pili kwa urefu nchini humo baada ya Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,500. Tulikwenda wawili, mimi na binamu yangu. Tulikuwa tumefanya mazoezi kwenye vilima vya Ngong kila Jumamosi kwa miezi mitatu, tukiweka akiba kidogo kidogo. Tukabeba mabegi yetu mgongoni, tukapanda basi hadi Namanga, tukagongewa pasi mhuri, tukavuka.

Siku mbili za kwanza nazipita haraka. Kutoka lango la Momella unatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu nyati wako palepale kando ya njia. Tulilala Miriakamba, kesho yake tukalala kwenye vibanda vya Saddle, kama mita 3,500 juu. Kiongozi wetu alikuwa mtu mzima, tukimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye kila tuliposimama kupumzika alituuliza maswali yaleyale matatu: Kichwa kinauma? Umekula? Umekojoa? Siku ya kwanza tuliona haya kumjibu. Kufikia ya pili tulikuwa tunamjibu kabla hajauliza.

Siku yenyewe ilianza saa saba usiku. Chai ya tangawizi, biskuti, tochi kichwani. Giza lilikuwa zito, sikuona chochote isipokuwa visigino vya askari aliyetangulia. Tulipita mahali panapoitwa Rhino Point, kisha tukafika kwenye mwamba ulioinama, wenye mnyororo wa kushika. Ule mnyororo ulikuwa wa baridi hadi ukapenya glovu zangu za sufu. Nilishika, nikasogeza mguu, nikashika tena. Upande wa chini mwanga wa tochi haukugusa kitu. Nilidhani ni mteremko tu.

Baada ya mwamba ule binamu yangu akakaa kitako. Akatapika mara mbili. Kiongozi akapiga magoti mbele yake, akammulika usoni, akamuuliza jina la mama yake na siku ya wiki. Alijibu sawa, ila polepole mno. Mzee akasema, "Binti, wewe tunashuka. Sasa hivi." Ugonjwa wa mwinuko dawa yake ya kwanza ni kushuka, wala haujali ulifanya mazoezi kiasi gani. Mimi nikaanza kufunga begi langu nishuke naye. Akanishika mkono. "Nenda wewe. Mmoja wetu lazima afike. Uniletee habari."

Nikaendelea na askari. Sitaficha kwamba nililia njiani. Mchanga wa pale ni majivu meusi ya volkano, mguu unazama hadi kwenye kifundo, na kila hatua nilikuwa nafikiria mnyororo ule, na yeye akiurudia gizani.

Mwanga ulitukuta juu ya ukingo. Kwanza ni mstari mwembamba mwekundu, kisha mbele yetu, juu ya bahari ya mawingu, Kilimanjaro chote, cheusi, na anga likiwaka nyuma yake. Nimekiona Kilimanjaro toka Nairobi asubuhi chache zenye anga safi, kidogo kama kidole. Hapa kilikuwa mlima wa jirani. Chini yetu kreta ilifunguka, na katikati yake kilima cha majivu, cha kijivu, kimechongoka, kama mlima mwingine uliozaliwa ndani ya mama yake. Meru ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910.

Askari akanionyesha kaskazini-mashariki, tambarare zilizoanza kupata rangi. "Kule ni Engare Nanyuki, dada." Nikashtuka kwa jina, maana sisi tuna Nanyuki yetu chini ya Mlima Kenya. Ni maneno ya Kimaasai, maji mekundu. Akanisimulia kwamba mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kwenye ardhi ile ili wapewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuwatetea watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliyasema haya bila haraka, bunduki begani, pumzi ikimtoka kama moshi. Mimi ni mjukuu wa watu waliofukuzwa shambani upande wetu wa mpaka. Sikuwa na la kusema. Nilitazama tu mpaka macho yakauma, nikijaribu kuweka kila kitu mahali pake kichwani, kwa kuwa nilikuwa natazama kwa ajili ya wawili.

Kileleni tulikaa dakika kumi, upepo haukuruhusu zaidi.

Lakini kilichoifanya siku ile isinitoke ni kushuka. Njia ni ileile, ila sasa kulikuwa na jua. Nikaona kwamba usiku kucha nilikuwa nimetembea juu ya mgongo mwembamba, mkono mmoja majivu yanayoporomoka, mkono wa pili ukuta wa mwamba unaokwenda chini hadi ndani ya kreta, karibu mita 1,500. Tulipofika kwenye mnyororo nikasimama. Ule niliodhani ni mteremko ulikuwa utupu. Na binamu yangu alikuwa ameupita mara mbili, ya pili akiwa mgonjwa, ili mimi niendelee. Miguu ikaanza kutetemeka. Askari akanyoosha mkono, akangoja.

Nilimkuta kwenye ngazi ya kibanda, blanketi mabegani, kikombe mkononi, uso umerudi rangi yake. Mzee alikuwa pembeni yake. Binamu akasogea kunipa nafasi. "Haya, lete."

Maneno hayakuja. Nikafungua kamba, nikavua kiatu, nikakiinamisha. Majivu meusi yakamwagika kwenye kiganja chake, mengi kuliko nilivyotegemea. Akayatazama, akayapitisha kidole.

"Hii ndiyo habari?"

"Huu ni mwanzo," nikamwambia. Akaniongezea chai, nami nikaanza kumsimulia kuanzia pale alipokaa kitako.