Pikapu mpya ya turbo: pima kabla ya kutuni

SWALI: Nina Hilux mpya ya dizeli, lita 2.8, otomatiki. Kitabu kinasema kilowati 150. Kabla fundi hajagusa kompyuta ya injini kuituni, yaani kubadilisha mipangilio yake ili iongeze nguvu, nitajuaje nguvu inayofika kwenye magurudumu? – Msomaji, Raskazone, Tanga

JIBU: Kilowati 150, yaani nguvu za farasi takriban 204, zimepimwa kwenye injini. Giaboksi, difu na matairi hula kama asilimia 15 hadi 20, kwa hiyo ukisomewa farasi 163 hadi 173 kwenye dainamomita, mashine ya roli inayopima nguvu ya magurudumu, usidhani umeuziwa gari bovu.

Imalize kwanza ranini, yaani kipindi cha kuizoesha injini mpya. Siku ya kupima jaza upepo wa matairi kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, weka 2H (nguvu iende magurudumu ya nyuma tu) kama mashine ina roli za nyuma tu, zima udhibiti wa utelezi, kisha gari ifungwe kwa mikanda kwenye mashine. Injini na giaboksi vipate moto. Ipimwe kwa gia inayokaribia uwiano wa 1:1, yaani giaboksi izunguke kwa kasi ileile ya injini, na isishuke gia katikati. Ikishuka, grafu hiyo tupa.

Adui mkubwa kwa joto la Tanga ni intakula, kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, ikipata moto. Feni ndogo ikiwekwa mbele, hewa inayoingia hupanda joto na kila kipimo kinasoma chini ya kilichopita. Pima mara tatu, ukiipoza katikati, na uandikishe joto la hewa na presha ya turbo.

Baada ya kutuni rudi mashine ileile, gia ileile, matairi yaleyale, na fomula ileile ambayo mashine hutumia kusahihisha matokeo kwa hali ya hewa. Fundi akikuonyesha grafu ya "baada" pekee, usimlipe.