Gurudumu lile kubwa halikuwa mzaha

Swali la wiki hii lilikuwa: ni chombo gani cha zamani ambacho watu wa leo hukicheka, ilhali kinastahili heshima? Najibu bila kusita: baiskeli ya gurudumu kubwa, ile ya Uingereza ya miaka ya 1870 na 1880. Mbele ina gurudumu linalomfika mtu kifuani, nyuma kigurudumu kidogo, na mpandaji yuko juu kabisa kama aliyepanda mnazi.

Mimi ni fundi baiskeli Tabora, mwaka wa 23 sasa. Mwezi uliopita kijana anayejifunza kazi kwangu alinionyesha picha ya baiskeli hiyo kwenye simu, akacheka mpaka akaweka spana chini. "Fundi, hawa wazungu walikuwa wanatafuta nini huko juu?" Nilimwambia swali lake ni zuri, ila acheke baadaye.

Walikuwa wanatafuta mwendo. Baiskeli za kwanza zenye pedeli, zile zilizoanzia Paris miaka ya 1860, zilikuwa na magurudumu ya mbao yaliyovishwa chuma, na Waingereza waliziita mtikisa mifupa. Pedeli zilifungwa moja kwa moja kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya mbele. Hakuna cheni, hakuna gia. Ukikanyaga mzunguko mmoja, gurudumu nalo linazunguka mara moja, basi. Februari 1869 John Mayall alitoka London kwenda Brighton kwa chombo cha namna hiyo, zaidi ya kilomita 80, akafika hoi. Sasa fikiria kama fundi: huna cheni, unataka kila mkanyago ukupeleke mbali zaidi. Utafanya nini? Utakuza gurudumu, na utaendelea kulikuza mpaka mguu ukome kufikia pedeli. Ndiyo maana baiskeli hizo ziliuzwa kwa kipimo cha mguu, kama suruali. Gurudumu la inchi 50 linakwenda karibu mita 4 kwa mzunguko mmoja.

Lakini gurudumu la ukubwa huo ukilitengeneza kwa mbao, litakuwa zito kama la mkokoteni. Hapa ndipo ninapomvulia kofia James Starley wa Coventry. Mwaka 1870, yeye na William Hillman walisajili baiskeli waliyoiita Ariel, yenye gurudumu la nyaya za chuma zilizokazwa. Katika gurudumu la mkokoteni, mbao zinabeba mzigo kama nguzo za nyumba. Katika gurudumu la spoku, kila waya unavuta, na habu inakaa katikati kwa sababu inavutwa pande zote kwa nguvu sawa. Mwaka 1874 Starley akaongeza jambo moja: spoku zisitoke kwenye habu zikiwa zimenyooka kwenda kwenye ringi, zitoke kwa mshazari na kupishana. Krenki, ule mkono wa pedeli, ilikuwa pale pale kwenye habu, kwa hiyo kila mkanyago ulitaka kuisokota habu ndani ya gurudumu. Spoku zilizonyooka hulegea kwa msokoto huo. Zinazopishana huukataa.

Nenda kaitazame baiskeli yoyote iliyoegeshwa nje. Weka kidole pale spoku mbili zinapopishana na kugusana, karibu na habu ya nyuma. Nikinyoosha ringi huzigonga moja moja kwa kucha na kusikiliza. Iliyolegea inatoa sauti nzito, ya chini, nami naikaza robo mzunguko, narudia, mpaka zote za upande ule ziimbe karibu sawa. Kazi hiyo ninayolisha nayo watoto wangu ilibuniwa kwa ajili ya baiskeli wanayoicheka.

Sikatai kwamba ilikuwa hatari. Mpandaji alikaa karibu juu kabisa ya ekseli ya mbele. Gurudumu likigonga jiwe na kusimama, baiskeli nzima ilibiringika mbele naye akatangulia kwa kichwa, miguu imenaswa chini ya usukani. Kwenye mteremko wengine waliirusha miguu juu ya usukani, ili wakitupwa watue kwa miguu. Hata hivyo, ukubwa huo huo ulikuwa rehema barabarani. Tairi zilikuwa za mpira mgumu, bila upepo, na shimo linalolimeza gurudumu dogo, kubwa linalipita juu.

Na watu walisafiri nazo. Mwaka 1878 waendesha baiskeli waliunda chama chao cha utalii mjini Harrogate. Chama hicho kiliweka mabango ya kuonya kwenye milima mikali na kupatana bei na hoteli kwa ajili ya wanachama. Wanawake wengi, kwa sababu ya magauni marefu, walitumia baiskeli za magurudumu matatu.

Ila safari inayonigusa ni ya Thomas Stevens, Mwingereza aliyehamia Marekani. Tarehe 22 Aprili 1884 alitoka San Francisco na baiskeli aina ya Columbia ya inchi 50. Mzigo wake: soksi, shati la akiba, bastola, na koti la mvua lililokuwa pia hema na tandiko. Kwenye milima ya Sierra Nevada alitembea ndani ya mabanda yaliyojengwa kukinga reli na theluji. Alifika Boston tarehe 4 Agosti, karibu kilomita 6,000, na kama theluthi moja ya njia aliikokota baiskeli kwa miguu. Mwaka uliofuata akaanza tena Liverpool, akavuka Ulaya na Uturuki, akakaa majira ya baridi Tehran. Afghanistan wakamrudisha. Akazungukia India, China, Japani, akamalizia Yokohama tarehe 17 Desemba 1886. Mwaka 1889 gazeti la New York lilimtuma huku kwetu Afrika Mashariki kumtafuta mpelelezi Henry Stanley. Baiskeli yake ilitunzwa kiwandani mpaka Vita Kuu ya Pili, ikatolewa chuma chakavu. Kila nikikumbuka hilo naumia.

Stevens akiwa bado njiani, mwaka 1885, John Kemp Starley, mpwa wa yule James, alitoa Rover: magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, na cheni kwenda nyuma. Mwaka 1888 Dunlop akaleta tairi ya upepo kule Belfast, na magurudumu madogo yakaacha kumtikisa mtu. Gurudumu kubwa likakosa kazi.

Ndivyo wasemavyo. Nilimwambia kijana ahesabu meno yanayoshika cheni kwenye baiskeli ya mteja iliyokuwa mbele yetu: mbele 48, nyuma 20. Gawanya, kisha zidisha kwa inchi 28 za gurudumu. Akapiga hesabu kwenye simu ileile yenye picha, akapata 67. Maana yake, kila mkanyago wa baiskeli hiyo ni sawa na wa gurudumu la inchi 67, ambalo mguu wa mtu wa kawaida usingelifikia. Alichukua futi ya chuma, akapima kutoka chini ukutani, akachora alama kwa chaki, akasimama kando yake. Ilimfika utosini.