Mlango haulemazwi, hufungwa

SWALI: "Mimi ni fundi wa faiba hapa Kasarani. Nawaandikia vijana ninaowafunza mwongozo mfupi wa Kiswahili wa kupanga mipangilio ya kile kijisanduku cha faiba anachowekewa mteja nyumbani. Nimekwama kwenye 'port'. Programu ya kutafsiri inanipa 'bandari', mwenzangu kazini anasema 'mlango', na vijana wenyewe wanasema 'poti'. Sentensi yangu ya kwanza ni hii: Sanidi bandari ya ethaneti, kisha lemaza bandari zote zisizotumika. Niandikeje?"

JIBU: Ndugu fundi, andika mlango. Bandari ni neno la Kiajemi, tumelizoea tangu enzi za majahazi, na limebaki na vyombo vya majini. Kilindini ni bandari. Kijisanduku chako hakipokei meli. Kosa lenyewe lina historia: Kilatini kilikuwa na maneno mawili ya karibu, portus la bandari na porta la lango, na Kiingereza kikayafanya neno moja. Mashine ya kutafsiri ikaokota lile la baharini. Nawe tayari unalo neno la kufaa, tena hata mabaharia wetu walilitumia waliposema mlango wa bahari, yaani mahali pembamba chombo kinapopita kutoka maji haya kwenda yale. Data nayo inapita.

Tundu ni kitu kingine. Tundu ni kile unachokigusa, kile kinachoingia kichwa cha waya, kinachojaa vumbi na kuvunjika kijino. Mlango ndio unaoupanga kwenye ukurasa wa mipangilio. Ukitenganisha hayo mawili, vijana wako watajua lini washike brashi na lini washike kibodi. Na wakisema poti, waache. Tumeshasema swichi na faiba, ingawa wenzetu Tanzania wana mkongo wao. Wakumbushe tu kusema poti hii, poti hizi.

Lakini umeandika lemaza, na hapo siwezi kupita.

Miaka nimeliona neno hili kwenye simu, kwenye programu, kwenye kurasa za benki, na sasa limefika kwa fundi anayefundisha vijana kazi. Lemaa, lemaza, kilema, mlemavu, ulemavu: ni ukoo mmoja. Kulemaa ni kupata hitilafu ya kiungo ambayo kwa kawaida mtu haponi nayo. Polio hulemaza. Ajali ya bodaboda hulemaza. Wahenga waliposema hujafa hujaumbika, walikuwa wakimkanya anayemtazama mwenye ulemavu kana kwamba jambo hilo haliwezi kumfika yeye. Hata magazeti yanapoandika kwamba mgomo umelemaza uchukuzi, nalielewa neno, kwa sababu kuna watu walioumia: waliokwama barabarani, waliokosa kufika hospitalini. Sasa mlango wa ethaneti ambao mtu ameubofya usipitishe data, na atakayeubofya tena jioni upitishe, umeumia wapi?

Jirani yangu Umoja ana saiba, meza nne za kompyuta na mashine ya kutoa nakala. Mama huyu anatembelea magongo tangu utotoni. Majuzi stima ilipotea na kurudi kwa kishindo, na asubuhi yake kompyuta mbili zikawa hazina intaneti. Alikuwa mtu wa kujaribu mwenyewe, kwa hiyo akaingia kwenye ukurasa wa kijisanduku chake kwa simu, kivinjari kikamtafsiria, na pale palipoandikwa mlango wa tatu, ule wa kompyuta hizo, akasoma: Imelemazwa. Akafunga simu. Akapanda matatu hadi Luthuli Avenue, akanunua swichi mpya, kile kifaa kinachogawa mtandao wa waya mmoja kwa kompyuta kadhaa, kwa pesa alizoziweka kando kwa ajili ya karatasi na wino.

Nilikuta swichi ikiwa bado kwenye boksi. Tukaufungua ule ukurasa pamoja. Tundu la tatu lilikuwa zima, waya ulikuwa mzima, taa ya PON kijani imetulia, na ile ya LOS, inayoonya mwanga ukipotea, haikuwaka, maana yake mwanga wa faiba ulikuwa unafika vizuri. Mlango ulikuwa umefungwa tu kwenye mipangilio. Pembeni ya lile neno palikuwa na kitufe kilichoandikwa Wezesha. Nikamuuliza kwa nini hakukibonyeza.

"Mwalimu, nilisoma imelemazwa," akaniambia. "Nikajua stima imeua. Kitu kilicholemaa mimi nakijua. Hakirudi kwa kubonyeza."

Tukabonyeza. Taa ya tundu la tatu ikaanza kupepesa, na kompyuta mbili zikafunguka.

Mama huyo hakukosea kusoma. Alisoma Kiswahili sawasawa, kwa maana ambayo neno hilo limekuwa nayo siku zote, na Kiswahili hicho kikamgharimu swichi. Aliyekosea ni yule aliyetazama neno "disable" la Kiingereza, akaona linafanana na lile linalotumiwa kwa watu wenye ulemavu, akafungua kamusi na kuchukua alichokikuta. Kwenye swichi za kampuni ya Cisco amri ya kazi hiyo hiyo ni "shutdown", ambayo ni kufunga tu. Kumbe hata kwa Kiingereza kuna njia ya kusema jambo hili bila kumvunja mtu mguu.

Tena kwa fundi madhara ni makubwa zaidi ya lugha. Mlango usiopitisha data una hali tatu, na kila moja ina dawa yake. Umefungwa kwenye mipangilio: unaufungua. Uko wazi lakini hauna kitu upande wa pili, waya haujachomekwa au kompyuta imezimwa: unafuata waya. Umeharibika, tundu limeungua au chipu imekufa: hapo ndipo unabadilisha kifaa. Imelemazwa ni neno linalomfanya msomaji aikimbilie hali ya tatu wakati kifaa kinasema ya kwanza. Kijana wako akipanda ghorofa ya tano akabadilisha kijisanduku kizima, usimlaumu yeye kabla hujautazama mwongozo wako.

Tazama sasa jinsi jina likiwa sahihi linavyokuja na kitenzi chake. Ukisema bandari, unabaki unahangaika utaifanya nini. Ukisema mlango, mtoto wa darasa la pili anajua: mlango hufungwa na hufunguliwa. Utaniambia kwamba Nairobi kufunga pia ni kuweka kifaa, kwamba mteja husema fundi alikuja kunifungia faiba. Kweli. Pale unapoona utata, andika zima na washa. Yote hayo ni maneno ambayo hayahitaji maelezo. Wezesha nalo liache kwa mikopo ya vijana na vyama vya akina mama, ambako kuna mtu anayepewa uwezo.

Sanidi sina neno nalo, ni zuri, ingawa panga linamtosha msomaji wako na limekaa vyema mdomoni. Seti ni la mtaani na linaeleweka. Kwenye mwongozo ulioandikwa ningelichuja.

Kuna neno moja najua utakutana nalo ukurasa wa pili, na programu yako itakupa majadiliano ya kiotomatiki. Likatae. Vifaa viwili vinapounganishwa kwa waya, kila kimoja hutangaza kasi kinazoziweza, iwe megabiti 10, 100 au 1000 kwa sekunde, na kama kinaweza kutuma na kupokea kwa pamoja au kwa zamu. Kisha vinakubaliana juu ya kile bora ambacho vyote vinakiweza. Kwa Kiswahili hilo ni kupatana. Kila mtu aliyewahi kununua koti Gikomba anajua bei ya kupatana. Andika mapatano ya kasi, nao vijana wataelewa papo hapo kwa nini jambo hili huharibika: ukiupanga mlango mmoja kwa mkono kwenye megabiti 100 kwa pamoja na kuzima mapatano, na wa pili ukauacha upatane, ule wa pili unatangaza na hakuna anayeujibu. Kasi mlango huo utaikisia wenyewe kwa kusikiliza waya, lakini la zamu au pamoja hauwezi kulijua, kwa hiyo unachagua zamu. Mmoja anasema bila kungoja, mwingine anangoja zamu yake. Mteja anapiga simu kwamba intaneti ipo ila inakokota, na inazidi kukokota watu wakiwa wengi. Ama milango yote miwili ipatane, ama yote miwili ipangwe kwa mkono sawasawa. Na kwa megabiti 1000 juu ya waya wa shaba, acha mapatano yawe yamewashwa. Kiwango chenyewe kinayadai.

Sentensi yako, basi, iandike hivi: Panga mlango wa ethaneti, kisha funga milango yote isiyotumika. Ongeza na sababu, kwa sababu vijana hufuata wanachokielewa: mlango ulioachwa wazi kwenye korido ya ploti, yeyote anaweza kuchomeka waya wake.

Mwongozo ukikamilika nitumie nakala mbili. Moja ni ya jirani yangu wa saiba.