Dini tunayo huku, kinachotupotea ni kingine

Dada yangu ulieuliza kama sie Wazanzibari tulioko Uingereza tushaacha dini na mila, ntakujibu ukweli bila kupamba. Dini haijapotea. Misikiti ipo, nyama ya halali ipo, na anaetaka kufunga anafunga, Ramadhani ya 2016 ilituangukia Juni, hapa London sala ya magharibi inaingia saa tatu usiku na ushee na daku iwe ushamaliza kwenye saa tisa hivi, watu wakafunga na kazini wakaenda. Idi ndo mtihani, kila msikiti na mwezi wake, wengine wanafata Saudia wengine Morocco, mtaa mmoja hawa wanasali Idi na jirani zao bado wamefunga.

Kinachopotea ni ile dini kwa namna yetu sie Wazanzibari. Watoto chuoni, yaani madrasa, wanasomeshwa na walimu wa Kipakistani na Kibangladeshi, Kurani wanaisoma tajwidi safi wallahi, lakini maelezo yote kwa Kiingereza. Binti yangu nilipomleta maulidini Unguja, ikasomwa Barzanji, kile kitabu cha maulidi, mpaka pale pa kusimama anapotajwa kuzaliwa Mtume, chetezo kinapita, marashi yanarushwa, kanivuta buibui ananiuliza mama mbona wote wamesimama. Iliniuma, maana mie umri wake nlikuwa nishashika nusu ya maulidi kwa kusikia tu, hakuna alienikalisha kunifunza.

Msiba ndo mzito zaidi. Kwetu maiti hawekwi, mama kafa asubuhi kazikwa laasiri, mie hata tiketi sijapata. Tulichoweza ni khitma, yaani kumsomea Kurani nzima, kwenye grupu la WhatsApp, juzuu 30 tukagawana ndugu wa Unguja, Dubai, Muscat na huku, mtu akimaliza yake anaandika "ya saba tayari". Thawabu inshaallah zimemfika, lakini hapa nlipo hakukuwa na mkeka wala mtu wa kunishika mkono kunipa pole, na kesho yake kazini nikaenda.

Sasa ombi langu kwenu. Watoto tukiwaleta likizo ya Agosti msiwacheke Kiswahili chao, na msiwaweke ndani na simu na waifai kama wageni. Wapelekeni chuoni na wenzao, waende harusini waone bi harusi anavosingwa, yaani anavosuguliwa mwili kwa singo ya manukato, kwenye msiba wakae mkekani na watu wazima. Pesa tutatuma, hilo halina tabu, lakini haya huku hayauzwi. Wangu nawaleta mwakani inshaallah, khaloo yangu, dada wa mama, keshasema maulidi atawasomesha mwenyewe kila baada ya laasiri.